Seti ya .22, bastola ya pili au mazoezi makavu: ulinganisho kwa mmiliki wa bastola aliyeko Tabora

Kijana mmoja anayesimamia ghala la tumbaku huko Urambo alinikuta nimekaa kwenye kibaraza cha duka langu la asali hapa Tabora mjini, akanipa shikamoo, na kabla sijamaliza kumwitikia na kumuuliza habari za msimu alikwisha kuingia katika jambo lililomleta. "Mzee, ile bastola yangu ya milimita 9 nina leseni yake mwaka wa tatu sasa, lakini sidhani kama nimeipiga risasi arobaini. Nasikia Marekani wanabadilisha sehemu ya juu tu, wanapigia risasi ndogo za bei rahisi. Nami niagize?" Nilimwambia, "Mwanangu, jambo hilo lina njia tatu, na uliyoanza kuisikia si lazima iwe yako." Aliondoka hakuridhika, na alistahili jibu refu kuliko hilo. Njia hizo ni seti ya kubadilishia sehemu ya juu ya bastola ili ipige risasi ndogo ya .22, bastola ya pili ya .22, au mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Ninaliandika hapa kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye silaha halali, awe Nzega, Sikonge au kule Kigoma, ambaye anataka kuizoea silaha yake bila kumaliza fedha.

Jina .22 ni kipimo cha unene wa risasi hiyo kwa inchi, na tofauti yake na ile ya milimita 9 iko kwenye kitako cha ganda. Ganda la milimita 9 lina fataki ndogo iliyopachikwa katikati ya kitako, na pini ya bastola huigonga hapo. Ganda la .22 halina fataki ya kupachikwa, kwa kuwa dawa ya kulipukia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe, na pini hugonga ukingo huo. Hiyo ndiyo sababu ganda la .22 ni rahisi kutengenezwa kiwandani, na ndiyo sababu pia wenye ujuzi wa kujaza maganda upya hawalishughulikii, maana likishagongwa limekwisha. Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka Marekani mwaka 1887, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa takriban gramu 2.6, wakati kichwa cha risasi ya milimita 9, aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, kina gramu 7.5 hadi 8 hivi.

Kwa pengo hilo la nguvu, haitoshi kuchomoa mtutu wa milimita 9 na kuweka wa .22. Bastola nyingi za milimita 9 hufunga mtutu na slaidi, yaani kipande cha juu kinachorudi nyuma kila bastola inapofyatuka, pamoja kwa kitambo kidogo risasi inapoondoka, kisha mtutu huinama na slaidi ikaachiwa kurudi nyuma, na .22 haina ubavu wa kuuendesha mtambo mzito namna hiyo. Kwa hiyo seti ya kubadilishia huondoa sehemu yote ya juu na kuleta slaidi nyepesi, ambayo mara nyingi ni ya aloi ya alumini, pamoja na mtutu uliotulia mahali pake, springi yake na magazini yake, na slaidi hiyo husukumwa nyuma na ganda lenyewe bila kufuli yoyote. Kinachobaki ni fremu, yaani kiunzi cha chini cha bastola, mpini na triga, na hapo ndipo ilipo faida yote ya seti, kwa sababu kidole chako kinafundishwa kwenye triga ile ile utakayoivuta siku ya haja, na bastola inatoka kwenye mkoba ule ule unaouvaa kila siku.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Colt ilitoa bastola ya Ace mwaka 1931, ikiwa ya .22 na yenye umbo la bastola ya jeshi la Marekani ya 1911. Baadaye David Marshall Williams alibuni chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inayokaa ganda) inayosogea, ambayo iliongeza teke la .22, yaani msukumo unaorudi mkononi, ili askari ahisi mkononi kitu kinachokaribiana na silaha yake halisi, na chemba hiyo ikaingia pia katika seti ya kubadilishia ya Colt. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata wabunifu wa zamani hizo walikwisha kutambua udhaifu mkuu wa mazoezi ya .22, ambao ni kukosekana kwa teke.

Seti za leo hazifanani. Mwenye bastola ya Glock atakutana na seti za Advantage Arms au za TacticalSolutions, ambazo huvalishwa kwa muda usiofika dakika moja. Lakini katika bastola za aina ya Glock sehemu inayogonga fataki imo ndani ya slaidi, kwa hiyo seti huja na ya kwake, na kidole makini huhisi tofauti kidogo. Mwenye bastola yenye nyundo ya kuipiga pini, kama CZ 75, Beretta 92 au 1911, yuko katika hali bora zaidi kwa jambo hili, kwa sababu nyundo na mtambo wake vimo ndani ya fremu na havibadilishwi. Seti ya Kadet iliyotengenezwa na CZ kwa ajili ya CZ 75 ni ya chuma, alama zake za kulengea hazisogei bastola inapofyatuka, na inasifiwa kwa kulenga vizuri hata kupita ambavyo mpigaji wa kawaida atahitaji. Ila mara nyingi huhitaji kupunguzwa kidogo kwa tupa ili ikae sawasawa kwenye fremu, na hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye kibali, si ya fundi wa pikipiki wa jirani, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo inayowavuta wengi. Katika miaka ya karibuni, huko Marekani risasi moja ya kawaida ya .22 imekuwa ikiuzwa kwa takriban senti 6 hadi 10 za dola, na ya milimita 9 ya mazoezi kwa takriban senti 22 hadi 30. Tuseme mtu anaokoa senti 17 kwa kila risasi, na seti imemgharimu dola 350: atairudisha fedha yake baada ya kupiga risasi zipatazo 2,000. Mmarekani anayepiga risasi 200 kila mwisho wa juma atafika hapo katika majuma kumi, na baada ya hapo kila risasi ni faida. Lakini mchukue kijana wangu wa Urambo, ambaye hata akijitahidi hatapiga zaidi ya risasi 100 kwa mwaka, umwekee hesabu ile ile: itamchukua miaka 20, na hapo sijaongeza gharama ya kuileta seti nchini, ya kibali, wala ya safari ya reli au ya basi kwenda Dar es Salaam na kurudi, ambayo kwa upande mmoja tu inazidi kilomita 800. Kwa mtu wa namna hiyo seti si njia ya kuokoa fedha hata kidogo. Inaweza kuwa njia nzuri kwa sababu nyingine, lakini asije akadanganywa na hesabu iliyofanyiwa watu wenye uwanja wa shabaha kila kitongoji.

Liko na suala la sheria, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Huko Marekani silaha inayohesabiwa ni fremu yenye namba, kwa hiyo seti isiyo na fremu huuzwa kama kipuri na hutumwa nyumbani kwa posta. Mtu akisoma habari hizo kwenye simu yake hapa Tabora anaweza kudhani kwamba naye ataagiza slaidi na mtutu kama anavyoagiza betri ya sola. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inautaja mtutu, fremu na slaidi miongoni mwa sehemu za silaha zinazopaswa kudhibitiwa, na sisi tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo haikutungwa ili iwe rahisi kuzungukwa. Ushauri wangu ni mmoja tu: kabla hujalipa hata senti, peleka swali lako kwa maandishi kituo cha polisi kilichokusajilia silaha, ueleze ni kifaa gani, cha bastola ipi, yenye namba ipi, kisha usubiri jibu la maandishi. Mimi nilipoulizia seti yangu nilisubiri miezi mingi kuliko nilivyotarajia. Na hata baada ya seti kuruhusiwa, muuza risasi mmoja alinirudisha mikono mitupu kwa sababu leseni niliyompa ilitaja milimita 9 peke yake. Nilikasirika siku ile, lakini yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa hiyo swali la risasi liulizwe pamoja na swali la seti, lisiachwe nyuma.

Njia ya pili ni kununua bastola nyingine iliyotengenezwa kwa .22 tangu mwanzo. Ziko zinazofanana kwa umbo na bastola za kazi, kama Glock 44 iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na ukubwa wa Glock 19, au Taurus TX22, na ziko za kulengea shabaha zenye sifa ya miaka mingi, kama Browning Buck Mark na jamii ya Ruger ambayo sasa imefikia Mark IV. Kwa uaminifu wa kufanya kazi, bastola hizi kwa kawaida huzishinda seti, kwa kuwa kila kipande kimepimwa kwa ajili ya risasi hiyo na hakikulazimishwa kukaa juu ya fremu ya mtambo mwingine. Hazichagui sana aina ya risasi, hazihitaji kufunguliwa kila unapobadilisha zoezi, na baba anayetaka kumfundisha mwanawe mtu mzima ataona wepesi wake. Bei yake nayo haiko mbali sana na bei ya seti nzuri. Lakini kwetu bastola ya pili ni silaha ya pili kwa kila maana: maombi mapya, sababu mpya ya kuihitaji, na kitu kingine cha kufungiwa kabatini na kulindwa usiku. Ukiulizwa kwa nini unahitaji bastola mbili, nawe huna jibu zaidi ya kwamba risasi zake ni rahisi, usishangae ukikataliwa. Katika hilo seti ina nafuu, maana inategemea silaha ambayo tayari inajulikana.

Njia ya tatu haihitaji duka, na watu huidharau kwa sababu hiyo hiyo. Mazoezi makavu ni kuvuta triga ya bastola isiyo na risasi, huku ukiangalia alama za kulengea zisitikisike pini inapogonga. Nunua risasi bandia chache za milimita 9 zenye kiini laini cha kupokea pini, ujiwekee dakika kumi jioni, mara tatu kwa wiki, na baada ya miezi miwili utaona mabadiliko ambayo masanduku mawili ya risasi za kweli yasingeyaleta. Masharti yake ni makali na hayana msamaha: risasi zote za kweli zinatoka katika chumba hicho, magazini inachomolewa, chemba inaangaliwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole, na mahali unapoelekeza mtutu pawe ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Nyumba zetu nyingi za matofali ya kuchoma haziwezi kuaminiwa kwa hilo kila mahali, kwa hiyo chagua ukuta unaoelekea nje, mahali unapojua kwamba hapana mtu. Zoezi likiisha, semea kwa sauti kwamba limekwisha, kwa sababu ajali za mazoezi makavu huletwa na lile jaribio moja la mwisho ambalo mtu hulifanya akiwa amekwisha kurudisha risasi. Jambo moja zaidi: usilifanye zoezi hili juu ya slaidi ya .22 ikiwa mtengenezaji hajaliruhusu, kwani katika bastola nyingi za namna hiyo pini isiyo na ganda mbele yake hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Basi kila njia inafundisha nini? Mazoezi makavu hufundisha kidole na jicho, lakini hayafundishi moyo, maana hakuna mshindo. Seti ya .22 huongeza mshindo, tundu kwenye karatasi na kubadilisha magazini, kwa hiyo inakuonyesha papo hapo kama ulichodhani umekifanya ndicho ulichokifanya. Kisichopatikana kwenye .22, iwe ya seti au ya bastola ya pili, ni teke. Mtu aliyepiga .22 kwa mwaka mzima hujiona fundi, na siku anayorudi kwenye milimita 9 unamwona akiubana mkono na kuusukuma chini kabla risasi haijaondoka, na tundu linaonekana chini ya karatasi. Dawa ya ugonjwa huu ni rahisi. Mwombe mwenzako akujazie magazini ya milimita 9 kwa kuchanganya risasi tatu za kweli na mbili bandia bila wewe kujua mpangilio wake. Utakapoikuta iliyo bandia, mtutu uliozama wenyewe utakushtaki mbele ya watu. Risasi ishirini zikipigwa hivyo zina thamani kuliko mia zilizopigwa kwa haraka, na kwa hiyo nasema kwamba hata risasi za milimita 9 zinaweza kuwa mazoezi ya bei nafuu zikitumiwa kwa akili.

Niseme pia juu ya risasi zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mazingira yetu yanapoingilia. Seti nyingi hutaka risasi za .22 zenye mwendo mkubwa, na ikiwezekana zilizopakwa shaba, kama CCI Mini-Mag. Ukizipa risasi dhaifu, slaidi hairudi hadi mwisho na ganda tupu husimama kwenye mlango wa kutokea maganda kama bomba la moshi. Risasi za .22 hupakwa nta au mafuta kwa nje, na vumbi letu la kiangazi, lile linaloinuka kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, hunata juu yake kama nzi kwenye sega. Sisi wauza asali tunaijua nta na tabia zake, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ingekuja kunisumbua ndani ya bastola. Baada ya risasi mia moja au mia mbili, safisha chemba na uso wa slaidi, la sivyo utailaumu seti bure. Halafu .22 hukataa kulipuka mara nyingi kuliko milimita 9, kwa kuwa dawa ya ukingoni wakati mwingine haikusambaa sawasawa. Ikikataa, acha mtutu umeelekea kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini, ndipo uitoe. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige nyingine mpaka umehakikisha mtutu uko wazi, kwani risasi inaweza kuwa imekwama humo ndani.

Udogo wake usikudanganye. Risasi ya .22 husafiri zaidi ya kilomita moja, na nchi yetu ni tambarare ya miombo yenye wafugaji, warina asali na akina mama wanaookota uyoga mahali ambapo hukutegemea kumwona mtu. Kichuguu kinaonekana kuwa ukuta mzuri, lakini mara nyingi ni kidogo na kigumu, na risasi inaweza kukiruka au kupanguka pembeni. Piga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na wenye tuta la udongo, au usipige. Mlio wake nao unazidi desibeli 140, kwa hiyo masikio yazibwe, na mikono ioshwe kabla ya kula, maana vichwa vya risasi hizi vingi ni risasi tupu yenyewe, yaani madini ya risasi.

Kosa langu mwenyewe nalitaja kwa aibu kidogo. Jioni moja nilirudi kutoka mazoezini nimechoka, nikaweka bastola kabatini ikiwa bado na slaidi ya .22, na kesho yake alfajiri nikaondoka na fedha za wafugaji wa nyuki kwenda Sikonge, nikiwa na magazini mbili za milimita 9 mfukoni. Nilikuja kugundua njiani kwamba nilichobeba kilikuwa chuma kisichokubaliana na risasi zangu. Tangu siku hiyo slaidi ya .22 inalala kwenye kisanduku chake chenye kufuli, na ninairudisha ile ya kazi pale pale uwanjani kabla sijaondoka. Mwenye bastola ya pili hawezi kufanya kosa hili, na kwa haki lazima nilihesabu kuwa alama yake.

Kwa hiyo, mwanangu wa Urambo: kama ungekuwa mkufunzi wa walinzi, mwenye watu kumi wa kuwafundisha kila mwezi na ruhusa ya kutumia uwanja, ningekwambia uombe bastola kamili ya .22, kwani itastahimili mikono mingi na sababu ya kuihitaji inaeleweka. Kama ungekuwa na CZ 75 au Beretta 92, uko karibu na uwanja, na unakusudia kupiga risasi mia au zaidi kila mwezi, ningekwambia utafute seti, na ungenishukuru. Wewe una bastola isiyo na nyundo, uwanja uko mbali nawe, na risasi zako kwa mwaka zinahesabika. Nunua risasi bandia tano, anza kupiga kavu, na kila miezi mitatu njoo twende uwanjani na risasi ishirini za milimita 9 tuzichanganye kama nilivyoeleza. Barua ya polisi ya kuuliza juu ya seti unaweza kuiandika hata kesho, kwa sababu jibu lake halitakuja kesho, na hadi litakapofika utakuwa umekwisha kujua kama bado unaihitaji.